Barua ya Chuo Kikuu Isomwe Hadi Ukurasa wa Mwisho

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wakimbizi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Pili, tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi ya kusema, na kwa kukubali maneno haya yachapwe katika jarida la kumbukumbu, ili hata mzazi asiyeweza kufika hapa uwanjani asomewe na mtoto wake nyumbani.

Ndugu zetu, kila tarehe 20 Juni walimu tunaitwa kusema kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Tunasema, mnapiga makofi, ngoma inalia, tunarudi nyumbani. Mwaka huu tumekubaliana tuseme jambo moja tu, nalo linahusu barua. Ni zile barua zinazowaalika watoto wetu wa sekondari kwenda kusoma majuma mawili, matatu au sita katika chuo kikuu cha ng'ambo, hasa Marekani, wakati wa likizo, kabla hawajamaliza sekondari.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa sababu mwalimu anayewaficha wazazi kosa lake hana haki ya kuwaonya.

Binti mmoja wa Kidato cha Tatu, mwenye akili nzuri na Kiingereza kizuri, alijaza fomu kwenye simu ya kaka yake. Baada ya majuma matatu alipata jibu lenye jina la chuo kikuu ambacho hata sisi tulikuwa tunakisikia redioni tu. Barua ilisema: umechaguliwa. Alituletea, tukaona nembo, tukaona neno «umechaguliwa», tukafurahi kama tumechaguliwa sisi. Tulimsimamisha mbele ya shule nzima, wenzake wakampigia makofi. Fomu ya shule ilitaka muhuri na sahihi, tukapiga muhuri na kutia sahihi siku ileile.

Baba yake ni fundi cherehani. Barua ilidai malipo ya kwanza ya dola 500 ili nafasi isichukuliwe na mwingine. Ndugu yao aliyeko ng'ambo alilipa kwa kadi, na baba akauza cherehani ili amrudishie nusu. Hatukumzuia. Tulimwambia: baba, hii ni bahati ya mtoto. Kisha ikaja habari ya hati ya kusafiria, ambayo binti hakuwa nayo. Ikaja habari ya viza, ikaja habari ya dola elfu kadhaa zilizobaki, na mlezi wa kumpokea uwanja wa ndege. Siku ya mwisho ya kulipa ikapita. Tulipoandika kuomba zile dola 500 zirudi, tulijibiwa kwa adabu kwamba hazirudishwi, na kwamba jambo hilo limeandikwa katika ukurasa wa tatu.

Tulifungua ukurasa wa tatu. Kweli lilikuwa limeandikwa.

Binti alituuliza swali moja tu: «Mwalimu, mbona hamkunisomea ukurasa wa tatu?» Hatukuwa na jibu. Sisi tumepita chuo cha ualimu. Tulifundishwa kwamba kabla hujampa mwanafunzi kitabu, wewe mwenyewe ukisome hadi mwisho. Tulisahau somo hilo kwa sababu ya nembo. Hadi leo baba yule anashona kwa cherehani ya mwenzake, zamu ya usiku. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa tuseme habari hii, mradi jina lake tusilitaje.

Sasa tuelezane vizuri mambo haya ni nini, maana hayakuanza kwa nia mbaya.

Katika nchi ya Marekani shule hufungwa kwa muda mrefu wakati wa majira ya joto, kuanzia Juni hadi Agosti. Mabweni ya vyuo vikuu hubaki matupu. Tangu zamani baadhi ya watu waliona ni vema nafasi hiyo itumiwe na watoto wa sekondari. Mwaka 1954 shirika la Telluride lilianza masomo ya namna hiyo bila kuwatoza wanafunzi. Mwaka 1965 serikali ya Marekani ilianza mpango wa Upward Bound kwa ajili ya watoto wa familia maskini za nchini humo, ili waonje maisha ya chuo na wasiogope kwenda. Mwaka 1979 chuo kikuu cha Johns Hopkins kilianzisha kituo cha watoto wenye vipaji. Baadaye vyuo vingi vikafuata, na mengi ya masomo hayo yakawa ya kulipia. Siku hizi ziko pia kampuni binafsi ambazo hukodi madarasa na mabweni ya chuo chenye jina, zikafundisha humo, na chuo chenyewe kisiwe na mkono katika kuwachagua wanafunzi.

Kwa hiyo barua mbili zinaweza kutaja chuo kilekile, na moja ikawa tunu, nyingine ikawa biashara ya halali inayotafuta wateja. Mtu wa Dzaleka atazitambuaje? Tumeandaa maswali matano. Tunawaomba vijana wayaandike, na wazazi wayashike kichwani.

Swali la kwanza: ni nani anayeendesha masomo haya? Ni chuo chenyewe, au ni kampuni iliyokodi majengo yake? Jibu mara nyingi liko chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Swali la pili: gharama yote ni kiasi gani, na nani analipa? Tuchukue mfano wa Harvard. Masomo yake ya majuma mawili kwa wanafunzi wa sekondari yamekuwa yakigharimu zaidi ya dola 5,000 kwa mtoto mmoja, bila nauli ya ndege. Hatusemi Harvard wanaiba. Wameandika bei wazi, na wako wazazi duniani wanaoimudu. Lakini sisi tunaoishi kwa mgao na posho, tunaohesabu mahindi kwa kikombe, tujue kwamba bei hiyo haikupangwa kwa ajili yetu. Kama barua haisemi kwa maneno wazi kwamba mtoto atasamehewa ada, chakula, malazi na nauli, basi inataka fedha. Neno «umechaguliwa» halina maana ya «umelipiwa».

Swali la tatu: mwishoni mtoto atapata nini mkononi? Masomo mengine hutoa alama zinazohesabiwa katika shahada siku za baadaye. Mengine hutoa cheti cha kuhudhuria tu. Na vyuo vingi vyenyewe huandika kwamba kuhudhuria masomo ya likizo hakumpi mtoto nafasi ya kuingia chuoni. Wazazi walisikie hili vizuri. Mtoto akienda majuma mawili katika chuo kikuu, hajaingia chuo kikuu. Ni mgeni aliyekaribishwa barazani, akanywa chai, akarudi kwao. Chai hiyo ina faida yake, ila usiuze cherehani kwa ajili yake.

Swali la nne: fedha ikishatoka, inarudi? Siku ya mwisho ya kurudishiwa ni ipi? Na kama viza itakataliwa, itakuwaje? Haya yote yawe yameandikwa. Ahadi ya kwenye simu si maandishi.

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote kwetu: mtoto atafikaje huko, na atarudi wapi?

Hapa tuseme polepole. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hapo mwaka 1987, lakini iliweka masharti yake, mojawapo juu ya uhuru wa mkimbizi kutembea na kuchagua mahali pa kuishi. Ndiyo maana hata kwenda Lilongwe tunaomba kibali. Mtoto asiye na pasipoti ya nchi yake anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na hati hiyo haipatikani kwa juma moja. Familia nyingi huanza kuitafuta baada ya barua kufika, wakati muda umekwisha.

Viza nayo ina gharama. Mwaka 2025 ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ya Marekani ilikuwa dola 185, na ada ya kuandikishwa katika orodha ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa dola 350. Ukikataliwa, fedha hizo hazirudi. Tena sheria ya Marekani humtaka mwombaji wa viza ya namna hiyo aonyeshe kwamba ana kwao atakakorudi baada ya masomo. Ofisa atauliza: kwenu ni wapi? Jamani, swali hilo kwa mtoto aliyezaliwa Dzaleka na wazazi waliokimbia Fizi au Uvira, lina jibu gani? Mtoto mwenye akili kabisa anaweza kushindwa pale dirishani, na kosa lisiwe lake. Isitoshe, milango ya nchi hufunguliwa na kufungwa. Mwezi Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, na miongoni mwazo zimo Burundi na Somalia. Ndugu zetu Warundi waliomo humu wanalijua jambo hilo.

Zaidi ya hayo, mtoto aliye chini ya miaka 18 hasafiri kama gunia. Wahusika wa ulinzi wa mtoto lazima wajue anakwenda kwa nani na anarudi lini. Na kabla hajatoka, familia iulize ofisini itakuwaje kama uhakiki wa alama za vidole utafanyika akiwa hayupo.

Kuna jambo la mwisho katika swali hili, na wengi hawalifikirii. Majira yao ya joto ni majira yetu ya baridi. Juni na Julai shule za Malawi ziko muhula wa tatu. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne yuko karibu na mtihani wa MSCE au yuko ndani yake. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. MSCE ndiyo mbacha wetu. Haina nembo ya kupendeza, lakini bila hiyo hakuna chuo, hapa wala ng'ambo, kitakachomfungulia mtoto wako mlango.

Tukifika hapa tunamwona mzazi anayetikisa kichwa na kusema: basi walimu wanatuambia watoto wetu wasijaribu. La hasha. Tungesema hivyo tungekuwa tumeongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Tunachosema ni hiki: andikeni maombi, lakini andikeni mahali ambapo mlango wa maskini uko wazi.

Mahali hapo papo. Masomo ya Telluride tuliyoyataja hayatozi ada, chakula wala malazi, na yamekuwa yakipokea maombi ya wanafunzi wa nchi mbalimbali. Chuo kikuu cha Yale kilianzisha mwaka 2014 mpango wa vijana wa sekondari wa Afrika, ambao haukutoza ada, na umewahi kufanyika hapa hapa barani, katika Ghana, Rwanda na Zimbabwe. Mtoto aliyekwenda huko hakuhitaji kuvuka bahari. Mipango hii hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kijana aulize kwanza kama ipo na inachukua nani. Nafasi ni chache, na wanaoomba ni wengi, wengine wametoka shule zenye maktaba. Lakini mtoto wa kambi anacho kitu ambacho wale hawana. Barua ya maombi huuliza: umeona nini, umefikiri nini, umefanya nini? Mtoto anayefasiri lugha tatu kwenye foleni ya zahanati, anayefundisha wadogo zake kwa taa ya simu, ana la kuandika. Tunamwomba aandike ukweli, kwa maneno yake. Asinakili ya mwenzake, wala asimpe mtu wa mjini fedha amwandikie.

Tena kuna njia ambazo zinatoka hapa hapa kambini, na hazihitaji kuuza kitu. Shirika la WUSC la Kanada limekuwa likiwapeleka wakimbizi katika vyuo vya Kanada tangu mwaka 1978. Vijana wa kambi hii wamekwenda kwa njia hiyo, wakaingia Kanada kama wakazi wa kudumu, na hakuna ofisa aliyewauliza watarudi wapi. Ufadhili wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, umewasomesha wakimbizi zaidi ya 20,000 katika nchi walizokimbilia. Na hapa Dzaleka, tangu mwaka 2010, Wajesuiti walileta masomo ya chuo kikuu kwa njia ya kompyuta. Wako kati yetu waliopata diploma bila kutoka katika uzio huu. Njia zote hizo huanza na matokeo ya sekondari na Kiingereza cha kuandika. Hakuna hata moja inayoanza na malipo ya kwanza ya dola 500.

HCR yenyewe imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Katikati ya miaka ya 2010 walikuwa asilimia 1 tu. Kufikia mwaka 2023 walikuwa kama asilimia 7. Tumepanda, lakini katika kila vijana mia, tisini na zaidi bado wako nje. Ndiyo sababu barua yenye nembo ikifika hapa hututia wazimu. Mwenye kiu hakagui kikombe.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa tumekosa, tumekuja na ahadi. Walimu tulikutana na kukubaliana mambo matatu.

La kwanza, hakuna mwalimu atakayepiga muhuri kwenye fomu ya masomo ya ng'ambo kabla hajaisoma hadi ukurasa wa mwisho, mbele ya mzazi, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, iwe Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda au Kirundi. Mzazi akiondoka hajaelewa, muhuri ubaki sandukuni.

La pili, kila Jumamosi baada ya saa nane mchana walimu wawili watakaa shuleni kupokea barua za namna hii. Huduma hiyo ni bure. Na mtu yeyote akikuambia kwamba HCR au shirika lolote la hapa linataka fedha ili mtoto wako aingizwe katika orodha ya masomo, jua ni mwongo, hata kama anavaa kitambulisho. Huduma za HCR haziuzwi.

La tatu, likizo ya Agosti tutafungua masomo yetu wenyewe, majuma matatu, kwa wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Asubuhi hesabu na sayansi. Mchana kuandika insha kwa Kiingereza, kutumia kompyuta, na kujibu maswali mbele ya watu bila kuangalia chini. Wale waliopata diploma humu kambini wamekubali kufundisha. Yule binti tuliyemtaja amekubali kuwa wa kwanza kujiandikisha. Hatuna mabweni wala nembo, lakini ni masomo ya kumwandaa mtoto kwa chuo kikuu.

Kwa wawakilishi wa mashirika tuna maombi machache, nayo hayahitaji mfadhili mkubwa. Tunaomba chumba kimoja chenye umeme hadi saa mbili usiku. Tunaomba orodha ya ufadhili wa kweli, pamoja na tarehe zake, ibandikwe mapema kwenye mbao za matangazo za kila zoni, wala isikae ofisini hadi muda upite. Tunaomba familia yenye mtoto anayefanya vizuri iruhusiwe kuanza kuomba hati ya kusafiria kabla ya barua kuja, maana barua haisubiri. Kambi hii iliandaliwa watu kama 10,000 mwaka 1994, na sasa tumezidi 50,000. Tunajua meza zenu zimejaa. Lakini kusoma tangazo mapema hakuongezi mzigo mezani.

Kwa wazazi tunasema: msione aibu kuuliza. Aliyesoma anaweza kudanganywa na nembo, nasi tumekuwa mfano. Mtoto akileta barua, usimkatalie wala usikimbilie sokoni na cherehani. Mwambie: mwanangu, hongera, sasa tukae, tuisome.

Kwa vijana: endeleeni kujaza fomu. Siku moja mmoja wenu ataleta barua ambayo tumeisoma hadi ukurasa wa mwisho, na kila ukurasa ukawa wa kweli. Siku hiyo tutamsimamisha tena mbele ya shule, na safari hii tutapiga makofi tukiwa tumejua tunapigia nini.